Picha kumi na mbili ambazo hazikupigwa: kisa cha Yashica-Mat na mkanda mmoja wa 120

Kamera yenyewe ni Yashica-Mat 124G, ile ya lenzi mbili zilizopandana, ambayo mpiga picha huinamia na kuchungulia kwa juu badala ya kuiweka jichoni. Mwenye nayo ni kijana wa Mji wa Kale, Mombasa. Aliipata kwa mjomba wake, aliyeendesha studio ya picha za harusi na za pasipoti mpaka dijitali ilipomfungia mlango. Kijana akaagiza mkanda wa Ilford HP5 Plus, saizi ya 120, akaumaliza kwa siku moja na kuutuma Nairobi ukasafishwe.

Alitarajia picha ishirini na nne, zikaja kumi na mbili. Katika hizo, tano zilikuwa nyepesi mno, ukiziinua dirishani unaona kivuli tu cha mtu. Tatu za mwisho zilikuwa na weusi uliotambaa kutoka pembeni. Moja ilikuwa imemkata jirani yake kofia. Na za nyanya yake, ambazo ndizo zilizomfanya anunue mkanda, hazikuwemo.

Fundi mmoja alikuwa ameshaishika kamera na kutoa hukumu: shata, yaani kile kilango kinachofunguka na kujifunga kupitisha mwanga, imekufa, mwili unavujisha mwanga, ifunguliwe yote. Kijana naye alikuwa na mshukiwa wake, wale waliosafisha mkanda. Aliponijia alibeba kamera, negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, ambayo mwanga huonekana mweusi, ndani ya mfuko wa plastiki, na simu. Ndani ya simu alikuwa ameandika kila picha aliyopiga: mahali, kasi ya shata na namba ya tundu la lenzi. Sijui ni nani aliyemfundisha tabia hiyo, lakini bila ile orodha tungebaki kubahatisha.

"Mzee," akaniambia, "nyanya hayumo kabisa."

Bisibisi isubiri

Kamera ya filamu haifai kufunguliwa kabla negativu hazijasomwa. Kamera itakueleza hali yake ya leo, mezani. Negativu zinaeleza kilichotokea siku ile, kwenye jua lile, mikononi mwa mtu yule. Mafundi wengi huanza na bisibisi kwa sababu ndiyo kazi wanayolipwa, na mteja naye huridhika akiona skrubu zinatoka.

Nikaanza na yule mshukiwa wa Nairobi, kwa kuwa ndiye rahisi kumhukumu. Mkanda wa HP5 Plus hutoka kiwandani ukiwa umeshapigiwa maandishi pembeni: jina la filamu na namba za fremu. Maandishi hayo hayakupita kwenye lenzi yako wala kwenye shata yako. Yamelala ndani ya filamu yakisubiri dawa kama picha nyingine zozote. Kwa hiyo filamu ikisafishwa vibaya, dawa ikiwa imechoka au muda ukiwa mfupi, maandishi hutoka hafifu pamoja na picha. Maandishi yakitoka meusi, makali, yanayosomeka vizuri, huku picha zikiwa nyepesi, basi dawa ilifanya kazi yake. Mwanga ndio haukufika.

Nikauweka mkanda juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Maandishi yalikuwa meusi tititi, kutoka mwanzo wa mkanda hadi mwisho. Nairobi hawana kosa. Nilimwambia kijana awatumie salamu badala ya lile lalamiko alilokuwa ameshaliandika.

Namba 24

Kisha nikafungua mlango wa nyuma. Kwa ndani una bamba linaloisukuma filamu ilale bapa nyuma ya lenzi. Kwenye 124G bamba hilo husogezwa sehemu mbili, na kila sehemu huonyesha namba yake, 12 au 24. Lilikuwa kwenye 24.

Hapo inabidi nieleze habari ya mikanda. Saizi ya 120 ilianzishwa na Kodak mwaka 1901. Ni utepe wa filamu uliolazwa juu ya karatasi ndefu, na karatasi ndiyo inayoukinga mwanga unapoingiza na kutoa. Kwa kamera ya picha za mraba, za sentimita 6 kwa 6 kama wanavyoziita ingawa picha yenyewe ni milimita 56 hivi kila upande, mkanda mmoja hutoa picha 12. Mwaka 1965 ikaja saizi ya 220. Spuli ni ileile, upana ni uleule, ila karatasi ipo kichwani na mkiani tu. Kwa kuwa nafasi ya karatasi imeachwa, filamu ndefu mara mbili huenea kwenye spuli, nawe unapata picha 24. Filamu peke yake ni nyembamba kuliko filamu na karatasi kwa pamoja, ndiyo sababu bamba lazima lisogezwe. Na katika kamera hii, kulisogeza bamba hubadilisha pia kihesabu picha. Likiwa kwenye 12, kamera hujua kazi imeisha baada ya picha ya kumi na mbili. Likiwa kwenye 24, inaendelea kuhesabu.

Mjomba alikuwa mpiga harusi. Mtu wa harusi hupenda 220, maana bwana harusi hasubiri ubadilishe mkanda. Inaelekea mkanda wake wa mwisho ulikuwa wa aina hiyo, akafunga mlango, na bamba likabaki hapo miaka yote. Siku hizi 220 ni adimu, na kijana alikuwa hajawahi hata kuisikia. Aliona 24 kwenye kamera akafurahi kwamba mkanda ni mkubwa.

Nikamuuliza kama mkono wa kuvutia filamu ulibadilika katikati ya kazi. Akafikiri kidogo. "Ulikuwa mgumu mwanzo," akasema, "halafu ukawa mwepesi. Nikadhani umelainika."

Ugumu ulikuwa wa bamba kuikandamiza filamu yenye karatasi kwenye nafasi iliyokusudiwa filamu tupu. Wepesi ulikuwa wa mkanda kwisha. Baada ya picha ya kumi na mbili karatasi yote ilihamia spuli ya juu, na kuanzia hapo kila alipozungusha mkono hapakuwa na kitu cha kuvuta. Shata ilijikaza vilevile, ikalia vilevile, kihesabu kikasogea 13, 14, 15. Orodha ya simu inasema nyanya aliketi kuanzia picha ya kumi na tatu.

Kwa hiyo zile picha kumi na mbili hazikuharibika. Hazikupigwa. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa katika kisa hiki, na hakuna bisibisi ambayo ingelifikia. Fundi angeifungua kamera, akaisafisha, akairudisha na bamba lake kwenye 24, na mkanda wa pili ungeishia palepale.

Dawa yake ni tabia mbili ndogo. Unapoweka mkanda, soma namba kwenye bamba kabla ya kushika spuli. Spuli tupu inakaa juu, mkanda mpya chini, ncha ya karatasi inaingia kwenye ufa wa spuli ya juu, unazungusha pole pole mpaka mshale uliochapwa kwenye karatasi ulingane na alama ya 120 ukingoni, ndipo unafunga mlango na kuzungusha mpaka mkono ugome kwenye namba 1. Tabia ya pili ni kusikiliza mkono. Kila picha unauzungusha mpaka ugome, kisha unaurudisha mahali pake. Mkono unaokuwa mwepesi ghafla una habari, na kamera ya aina hii haina taa wala mlio mwingine wa kukuonya.

Weusi wa pembeni

Weusi kwenye negativu ni mwanga. Fundi aliuona akasema mwili unavuja, na ni kweli sifongo za mlango zilikuwa zimezeeka na kuanza kunata kidoleni, jambo la kawaida kwa kamera za umri huu. Zinafaa kubadilishwa. Lakini si zo zilizofanya madhara haya, na ushahidi ni mahali weusi ulipo.

Mwanga unaopenya kupitia mlango huingia kamera ikiwa imefungwa, filamu imekaa wazi nyuma ya lenzi. Huacha alama ndani ya picha, na kwa kawaida mahali palepale fremu baada ya fremu, kwa sababu ufa hauhami. Weusi wa mkanda huu haukuwa hivyo. Ulianzia kwenye kingo za filamu, nje kabisa ya picha, ukaingia ndani kama mawimbi, pande zote mbili. Hiyo ni alama ya mkanda uliolegea kwenye spuli, mwanga ukapenya kwa ubavuni kati ya karatasi na midomo ya spuli.

Sasa lini? Mkanda mpya ukiwekwa kwenye jua kali huungua tabaka za nje, na tabaka za nje za mkanda mpya ni picha za mwanzo. Mkanda uliokwisha kupigwa umegeuka: picha ya kwanza imejificha ndani kabisa kwenye spuli ya juu, ya mwisho iko nje. Weusi wa kijana ulikuwa kwenye picha ya kumi kidogo, ya kumi na moja zaidi, ya kumi na mbili zaidi ya hapo. Picha za mwanzo zilikuwa safi. Basi uliingia wakati wa kutoa.

Nikamuuliza alitolea wapi. Uwanjani nje ya Fort Jesus, mchana, juu ya goti. Ule utepe wa gundi ulio mwishoni mwa karatasi, wa kulamba na kufungia, hakuuona, akautia mkanda mfukoni mwa shati ukiwa unajikunjua. Nimeona watu wakifanya hivyo wakiwa na miaka mingi katika kazi hii. Kingeni mkanda hata kwa kivuli cha mwili wako mwenyewe, kaza karatasi kwa vidole bila kuisokota kwa nguvu, lamba, funga, tia kwenye kitu kisichopitisha mwanga.

Picha nyepesi

Hili ndilo lililonichukua muda, kwa sababu lilikuwa na vyanzo viwili vilivyojificha nyuma ya dalili moja.

Kwanza shata. Kamera hii ina Copal-SV, shata iliyo ndani ya lenzi, yenye kasi za kuanzia sekunde 1 mpaka 1/500, pamoja na B, inayoiacha shata wazi muda wote unaoibonyeza. Shata ya namna hii ikizeeka, mafuta yake hukauka na majani yake huzembea. Hukaa wazi muda mrefu kuliko ulivyoiamuru. Mwanga unaingia mwingi, negativu inakuwa nzito, nyeusi. Negativu za kijana zilikuwa nyepesi, yaani kinyume chake. Ingekuwa haifunguki kabisa, kungekuwa na fremu tupu, na hapa kila fremu ya kumi na mbili zile ilikuwa na kitu. Kusema shata imekufa kwa ushahidi huu ni kusoma kitabu kichwa chini miguu juu.

Halafu nikaziweka picha katika makundi kwa kufuata ile orodha. Nne za mwanzo zilipigwa juani, ukuta wa Fort Jesus na watu mbele yake. Hizo zilikuwa nyepesi kidogo, zinachapika. Ya tano hadi ya tisa zilipigwa barazani, majirani wameketi kivulini, yeye akiwa upande wa ndani wa mlango, barabara inayowaka jua ikiwa nyuma yao. Hizo ndizo zilizokuwa kama vivuli. Tatu za mwisho ni barabarani tena, na ukiacha weusi wa pembeni zilifanana na za mwanzo. Kosa la chuma halijui baraza na barabara. Kosa linalofuata mahali ulipopiga limetoka kwenye upimaji wa mwanga.

Mita ya 124G ni selo ya kadimiamu salfaidi iliyokaa mbele, karibu na jina la kamera. Huwaka unapofungua kofia ya juu ya kamera, ile inayofunika kioo cha kutazamia, huzimika unapoifunga. Haipimi kupitia lenzi. Inatazama mbele kwa upana, inaona mtu, ukuta, barabara na anga, inachanganya yote na kukupa jibu moja. Unazungusha vigurudumu viwili vya kasi na tundu mpaka mshale mmoja ulale juu ya mwingine. Ni mita nzuri kwa zama zake, kwa sharti mbili: ipate betri yake, na usiipe kitu cha kuichanganya.

Betri yake ni ya zebaki, PX625, volti 1.35. Sifa ya zebaki ilikuwa uthabiti. Volti hazishuki pole pole, zinabaki palepale mpaka betri inapokufa. Selo hupitisha umeme zaidi kadiri mwanga unavyozidi, na umeme huo ndio unaousukuma mshale, kwa hiyo waliotengeneza mita waliitegemea ile 1.35. Zebaki ni sumu. Marekani ilipitisha sheria ya kuziondoa betri hizo mwaka 1996, na mwaka 2013 nchi nyingi zikakubaliana juu ya mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ulioteswa na sumu hiyo. Dukani utapewa betri ya alkali ya umbo lilelile. Inaingia vizuri, mshale unacheza, kila mtu anafurahi. Ila ni ya volti 1.5, na mshale unasukumwa kupita kiasi. Mita inadai mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, wewe unafunga tundu, filamu inakosa haki yake.

Kijana alikuwa na ya alkali. Nikaelekeza kamera kwenye ukuta wa kijivu ulio kivulini, nikalinganisha na kamera ya dijitali iliyowekwa ISO 400, ambayo ndiyo namba ya wepesi wa filamu hii kwa mwanga. Mita ya Yashica ilizidisha stopu moja na ushee. Stopu ni hatua ya kupima mwanga, na kila stopu pungufu ni nusu ya mwanga, kwa hiyo filamu ilikuwa inapata chini ya nusu ya mwanga iliostahili.

Hilo linaeleza picha za juani. Kanuni ya zamani inasema jua likiwa wazi, tumia tundu la f/16 (namba ikikua, tundu hupungua) na kasi inayokaribia namba ya ISO. Kwa filamu ya 400 hiyo ni 1/500 kwa f/16. Orodha yake inasema 1/500 kwa f/22. Stopu moja pungufu, sawasawa na betri. HP5 Plus inavumilia kiasi hicho.

Lakini barazani aliandika 1/250 kwa f/16. Kwenye kivuli kama kile, mtu akiwa ndani ya baraza lenye paa, mimi ningeanza na f/5.6 kwa kasi hiyohiyo. Kutoka f/5.6 kwenda f/16 ni stopu tatu: f/8, f/11, f/16. Filamu ilipata thumni ya mwanga. Betri ilichukua stopu moja, na zile mbili zilizobaki zilichukuliwa na barabara. Mita iliuona ule mwanga mkali nyuma ya majirani ikaupima huo. Uso ulikuwa na giza, mita haikuujali. Na filamu ya negativu ikinyimwa mwanga namna hii, sehemu za giza hazina kitu cha kuokolewa, hata uizidishie dawa muda gani. Ukikosea kwa kuzidisha stopu moja au mbili, filamu hii itakusamehe. Ukikosea kwa kupunguza, haikusamehe.

Tulifanya marekebisho bila kugusa skrubu. Famasi wanauza betri za vifaa vya kusikilizia, namba 675, za zinki na hewa, volti 1.4 hivi. Ni ndogo kuliko PX625, zinachezacheza ndani ya kikombe. Tukatafuta mpira wa duara wa mfereji kwa fundi bomba, ukaishika katikati bila kuziba vitundu vya hewa. Ukiibandua ile karatasi yake uisubiri dakika chache kabla ya kuamini mshale. Kasoro yake ni kwamba ikishabanduliwa inaanza kufa, uitumie usiitumie, ila bei yake si ya kulilia. Mita ikarudi: kivulini ikakubaliana na dijitali, juani ikapishana kwa nusu stopu.

Na kwa barazani hakuna betri itakayosaidia. Unaisogeza kamera mpaka karibu na uso wa mtu, uso peke yake uijaze mita, unasoma, unaweka kasi na tundu, kisha unarudi nyuma kupiga bila kubadilisha chochote hata mshale ukilalamika. Kijana aliniuliza kama si afadhali kutumia programu ya simu ya kupima mwanga. Ni afadhali, kama ataielekeza mahali pale pale: usoni.

Kofia iliyokatwa

Hii haina mjadala mrefu. Lenzi ya juu ni ya kutazamia, ya chini ndiyo inayopiga, na ya chini inaona chini zaidi. Kwa mtu aliye mbali tofauti haionekani. Ukikaribia mita 1, ambapo ndipo mwisho wa kamera hii kukaribia, kile ulichokipanga juu ya fremu kinakatwa. Jirani alikuwa karibu na kofia yake iligusa ukingo wa juu wa kioo. Acha nafasi juu, au kama uko kwenye stendi, panga picha halafu inua kamera kwa kiasi cha umbali uliopo kati ya lenzi mbili.

Picha moja kati ya hizo pia ilikuwa imekaza sikio badala ya jicho, yaani sikio ndilo lililotoka kali. Nilitaka kujua kama lenzi mbili zimepishana, kwa hiyo nikatazama nyingine. Zilikaza pale alipokusudia. Zingekuwa zimepishana, zote zingekosea upande mmoja. Alikuwa hajatumia kile kioo kidogo cha kukuzia kinachochomoza ndani ya kofia ya kamera. Kwa tundu la f/3.5 na mtu aliye mita 1, kinachokaza kwa kweli ni sentimita tano hivi kwa kina, kwa hiyo pua na sikio haviwezi kutoka makali pamoja. Inua kioo, sogeza jicho mpaka karibu, kaza kwenye kope.

Nyanya anaketi tena

Mkanda wa pili ulikuwa wa aina ileile, bamba likiwa kwenye 12. Nyanya hakufurahia. Aliuliza kwa nini avae leso ileile kwa picha ambayo alishapigwa, na alipoelezwa kwamba mara ya kwanza kamera haikuwa na filamu, alitaka kujua basi kijana alikuwa anachezea nini mbele yake muda wote ule. Sikuwa na la kumtetea.

Tulimhamisha kijana kutoka mlangoni. Badala ya kumpiga nyanya kutoka ndani kuelekea barabarani, nyanya aliketi palepale barazani na kijana akasimama upande, nyuma ya nyanya pakawa ukuta uliopakwa chokaa ulio kivulini kama yeye. Mita ilisogezwa mpaka karibu na shavu. Ilitoa 1/60 kwa f/5.6. Kamera ikawekwa kwenye stendi, kwa sababu 1/60 mkononi ukiwa unapumua juu ya kamera ni kujitakia. Kioo cha kutazamia hugeuza kulia kuwa kushoto, na kijana bado alikuwa anaisukuma kamera upande usio sahihi kila alipotaka kumweka nyanya katikati. Hilo huisha lenyewe kwa mazoea. Jambo moja zuri la kamera hizi ni kwamba kamera iko tumboni na macho yako yako chini, kwa hiyo anayepigwa haoni mtu aliyejificha nyuma ya kifaa. Nyanya alikuwa akiongea na shoga yake aliyepita njia wakati shata ilipolia, na shata ya majani hailii zaidi ya kidole kinachogonga meza.

Picha ya kumi na mbili ilipopita, mkono ulizunguka wazi bila kugoma, kama inavyotakiwa. Akazungusha mpaka karatasi ikamalizika, akaingia ndani ya nyumba, akafungua mlango wa kamera akiwa ameupa mwanga mgongo, akalamba utepe, akafunga. Mkanda ulienda Nairobi kwa watu walewale. Ulirudi na picha kumi na mbili, maandishi ya pembeni meusi kama ya awali, na safari hii nyuso nazo zina uzito. Kofia ya mtu haikukatwa, kwa kuwa aliacha nafasi juu kubwa mno, mpaka nyanya ameonekana mfupi katika mbili. Kingo zilikuwa safi ingawa sifongo zilikuwa bado hazijabadilishwa, na hilo lilimaliza ubishi wa mwili kuvuja.

Kilichobaki cha fundi

Shata si nzima kabisa, na fundi wa kwanza alikuwa na sehemu ndogo ya ukweli. Mlango wa nyuma ukiwa wazi na kamera tupu, nikaiweka kwenye sekunde 1 na kuisikiliza: inakaribia mbili. Kwenye 1/2 na 1/4 inasitasita. Kuanzia 1/30 kwenda juu sioni wala sisikii tatizo, na mkanda wa pili unathibitisha kwamba kasi anazozitumia zinatosha. Ni mafuta yaliyokauka kwenye gia za kasi za chini, kazi ya kawaida ya kusafisha, na nilimshauri aifanye pamoja na sifongo, kwa fundi ambaye atamwandikia kasi zilivyopimwa kabla na baada. Kama fundi hana kifaa cha kupimia kasi ya shata, aachwe ashughulike na saa.

Mpaka hapo, kijana ameambiwa asishuke chini ya 1/30. Yeye anataka kupiga Mji wa Kale usiku, taa za vibaraza, sekunde mbili au tatu. Kwa hilo ana B na kebo ya kufyatulia, na hesabu ya kichwani, ambayo kwa sasa ni sahihi zaidi kuliko Copal yake.